Ngoma za Zamu Mbili

Vijana wangu wa kikosi,

Ijumaa iliyopita nilikaa pale ukutani, kwenye kiti changu cha plastiki, nikawatazama mkifanya mazoezi. Mlipiga vizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu binti yangu Nekesa hunilaumu kwamba mimi husifu watu wakishaondoka tu. Ila kuna mmoja wenu, simtaji jina, yule wa tatu kutoka kushoto upande wa snea, zile ngoma ndogo za mlio mkali, nilimsikia akimnong'onezea mwenzake: "Hii mambo ya kupiga godoro ni ya kitambo, buda. Siku hizi si kuna pedi za mazoezi?" Alidhani sisikii. Ni kweli masikio yangu yamekaa kando ya besi zaidi ya miaka thelathini, lakini manung'uniko bado yanayafikia.

Basi nimeamua kuandika. Naandika kwa simu, kwa kidole kimoja, sebuleni kwa Nekesa hapa Abu Hamour, Doha, naye hunisahihisha akitoka zamu ya hospitali. Wengi wenu mnanijua kama mzee anayewaletea chai ya maziwa kwenye chupa na kuwakosoa bure. Kabla ya hapo nilikuwa sajini wa walinzi katika kampuni yenu hii hii kwa miaka ishirini na miwili, na kiongozi wa ngoma zake tangu siku zilipotolewa kwenye maboksi. Kazi ya geti nimestaafu, ngoma sijastaafu. Nataka niwasimulie mashindano ninayoyapenda, hasa shindano lile ambalo nusura liwe la mwisho. Mwaka ule mudir, yaani meneja wetu, alikuwa ametuambia waziwazi kwamba tusipoingia tatu bora, ngoma zinarudi stoo na kikosi kinavunjwa. Nyinyi hamngekuwepo kabisa, wala kunung'unika hamngekuwa na pa kunung'unikia.

Lakini kwanza godoro.

Kambini Al Wukair tulilala sita chumba kimoja, watatu wa zamu ya mchana na watatu wa zamu ya usiku. Maana yake ni kwamba saa yoyote utakayotaja, kuna mtu amelala. Mtu aliyesimama getini masaa kumi na mawili ukimwamsha kwa snea, hakuulizi unapiga wimbo gani. Wiki ya kwanza tulirushiwa viatu. Wiki ya pili tulirushiwa birika, na lilikuwa na maji. Ndipo tukavuta magodoro yetu mpaka kwenye veranda na kuyapiga hayo badala ya ngoma. Sasa, godoro halirudishi kijiti. Ngoma yenyewe hukuinulia kijiti, inakufanyia nusu ya kazi, lakini kwenye godoro kila pigo ni lazima kiganja kikiinue chenyewe. Mwezi wa kwanza tulilia mikono. Mwezi wa tatu, tuliporudishiwa ngoma zenyewe uwanjani, vijiti viliruka kana kwamba havina uzito. Kwa hiyo pedi nunueni, sikatazi, lakini dakika ishirini za godoro kwanza.

Haya mambo ya kufundisha mkono sikuyaokota Doha. Aliyenianzisha ni Mwalimu Khisa, fundi cherehani wa kule kwetu Bungoma, ambaye siku za kazi alishona sare za shule na Jumapili alipiga besi ya kikosi cha vijana wa kanisa. Hakuwa na cheti chochote cha muziki. Alinifundisha kuwamba ngozi ya mbuzi, na jinsi ya kukaza ngoma kwa kuvuka: kaza upande huu, vuka ng'ambo ukaze wa pili, vile vile unavyokaza nati za gurudumu la gari. Ukikaza kwa kuzunguka, ngozi inavutika upande na sauti inatoka imepinda. Nawaona bado mnakaza kwa kuzunguka. Nawaona, na naumia.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa miaka ya themanini, vikosi vya makanisa, uwanja wa nyasi wenye mteremko. Nilikuwa na miaka kumi na saba na kichwa kikubwa. Nilikuwa nimejifunza kisirisiri kurusha kijiti juu, kikazunguka mara mbili, nikakidaka. Nyumbani nilikidaka kila siku. Siku ile, mbele ya umati, nikakirusha, na upepo ukawa na mawazo yake. Kijiti kilitua kwenye meza ya mgeni rasmi na kuangusha soda yake yote mapajani. Mgeni rasmi alisimama suruali inachuruzika, mimi nimebaki na kijiti kimoja, na wimbo bado uko katikati.

Khisa hakusimama wala kunikodolea macho. Alinipa kijiti chake mwenyewe, kile chenye kichwa cha kitambaa, akaendelea kupiga besi kwa kiganja kitupu mpaka mwisho wa wimbo. Kiganja kilivimba wiki nzima, na mtu wa cherehani anahitaji viganja. Baadaye aliniambia maneno mawili tu: "Mkono ni wa kupiga. Kurusha waachie watu wa sarakasi." Kisha akaniamuru niwe natembea na kijiti cha tatu ndani ya soksi. Nimetembea nacho mpaka nimestaafu, na kimewaokoa watu wengi zaidi yangu. Siku ile tulishika nafasi ya pili hata hivyo, zawadi ikawa mbuzi. Nyama tuliila siku hiyo hiyo na ngozi Khisa akaiwamba kwenye besi, kwa hiyo mwaka uliofuata tulishindana tukiipiga zawadi yetu wenyewe. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Niliubeba ukubwa huo mpaka Doha, na Doha ikaninyoosha.

Kampuni ilipoamua kuwa na kikosi cha ngoma, kwa sababu kampuni nyingine za ulinzi zilikuwa navyo na zilikuwa zikishindana kila mwaka, mudir aliuliza nani anajua ngoma. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Jina lake Bwana Hamdi, mtu mrefu, mkali, shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Alituletea ngoma ishirini na nne mpya zenye ngozi za plastiki. Mimi, mwanafunzi wa Khisa, nikazidharau hizo plastiki. Nikamwagiza mwenzetu aliyekuwa likizo nyumbani aniletee ngozi mbili za mbuzi, nikazivua besi mbili plastiki zao na kuziwamba kienyeji. Nilizikaza ndani ya ukumbi wa kulia chakula, penye kiyoyozi. Zililia vizuri mpaka mpishi akatoka jikoni kusikiliza.

Mashindano yalikuwa nje, mwezi ule ambao joto limeanza kupungua lakini hewa imejaa maji, miwani inaingia ukungu ukishuka tu kwenye basi. Mnajua hewa hiyo. Kiyoyozi kilikuwa kimezikausha ngozi zikajikaza, na hewa ya nje ikazilegeza ndani ya robo saa. Tulipofika mbele ya majaji, besi zangu mbili zilitoa sauti ya mtu anayepiga mto kuutoa vumbi. Tulikuwa wa mwisho. Bwana Hamdi alikuja akaigonga besi kwa kidole, akaniuliza kwa Kiingereza chake, kwa upole kuliko nilivyostahili: "Sajini, hii ngoma mgonjwa?"

Tangu siku hiyo, ngoma zangu, ziwe za ngozi au za plastiki, hutolewa nje saa nzima kabla ya kupigwa, kivulini, kamwe si juani, na hukazwa pale pale zitakapopigiwa. Msimkazie mtu yeyote ngoma ndani ya basi.

Mwaka wa pili tulikuwa wa sita kati ya saba. Safari hii kosa lilikuwa glovu. Kampuni ilitununulia glovu nyeupe, mpya, zinang'aa, na kitambaa kipya kinateleza. Vijiti vinne vilitutoka mikononi katika wimbo mmoja. Vitatu nilivifidia kwa vijiti vya akiba kutoka soksi yangu na soksi za wenzangu, cha nne kilimfikia jaji. Glovu mpya zifueni mara mbili kabla ya kuzivaa, na kama bado zinateleza, zikwaruzeni viganjani na brashi ya viatu. Jioni ile Bwana Hamdi alituita uani na kutuambia lile nililowatajia: "Mara moja zaidi. Tatu bora, au khalas, ngoma stoo." Hakupaza sauti. Ndiyo maana tulimwamini.

Najua mmeona kombe ofisini. Hilo lilikuja miaka mingi baadaye, mwaka ambao akina dada waliruhusiwa kuingia kikosini kwa mara ya kwanza, na wanaume wakaguna kwamba mikanda ya ngoma haitawakaa. Mikanda haikuwakaa kweli, ikabidi tuishone upya, na ikishonwa vizuri kumbe ilitukaa vizuri hata sisi. Nilifurahi mpaka nikapiga picha na kila mtu, pamoja na dereva wa basi la kampuni nyingine. Lakini mkiniuliza ni shindano gani liko moyoni mwangu, sitataja la kombe. Nitataja la mwaka ule wa tatu.

Mjue kwanza tulivyokuwa. Watu ishirini na wanne, kumi na wawili wa zamu ya mchana na kumi na wawili wa zamu ya usiku. Mchana niliongoza mimi. Usiku aliongoza Mukasa, sajini mwenzangu, Mganda wa Masaka, mfupi, mpana, mwenye snea ambayo mpaka leo sijasikia inayoifikia. Sasa hesabuni wenyewe: mchana wakiwa kazini, usiku wako kambini, na mchana wakirudi, usiku wameshaondoka. Kwa miaka miwili kikosi hicho hakikuwahi kufanya mazoezi pamoja hata siku moja, ila ile siku ya mashindano yenyewe. Usiku walijizoeza saa tisa alasiri wakishaamka, mchana tulijizoeza saa moja jioni tukishaoga.

Ikabidi nitunge wimbo wa watu wasioonana. Niliufanya wa swali na jibu. Mchana wanapiga swali, usiku wanapiga jibu, raundi tatu. Tukijizoeza sisi peke yetu, tulipiga swali letu, kisha tunanyamaza na kuhesabu kimoyomoyo mahali pa jibu huku miguu ikipiga hatua papo hapo, kushoto kulia, ili hesabu isipotee. Na wao saa zao walifanya hivyo hivyo, wakiliachia nafasi swali letu. Miguu ndiyo ilikuwa saa yetu. Niliikazania miguu kuliko mikono, mpaka watu wakanitungia jina ambalo sitaliandika hapa.

Mwisho wa wimbo palikuwa na kipande cha hesabu kumi na sita, cha upande mmoja pekee, kabla ya wote kuingia pamoja kufunga. Kilikuwa kitamu kile kipande. Ndicho watu wangetazama, ndicho majaji wangekumbuka. Na sikuwa nimeamua ni cha nani. Pande zote mbili zilijifunza, na pande zote mbili zilikitaka. Miezi miwili tulikigombea. Mimi na Mukasa tulilinda geti moja, jengo moja la ofisi, yeye akinipokea jioni na mimi nikimpokea asubuhi, na dakika zetu tano za kukabidhiana ziliishia kwenye kipande hicho.

"Mzee, kile ni ya usiku," alikuwa akisema. "Wewe unajua mikono ya vijana yangu."

"Vijana wako wana mikono, wangu wana akili," nami nilikuwa nikijibu, dereva wa basi anapiga honi, naondoka bado tunabishana.

Wiki ya mwisho kabla ya mashindano, mama yake Mukasa alifariki huko Masaka. Hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Jumanne jioni alikuja getini amevaa sare vizuri, kofia imenyooka, akasimama kazini kama kawaida. Sikujua la kumwambia mtu mzima mwenzangu. Sisi wanaume tukishindwa kusema tunaandika. Nikafungua kitabu cha matukio, kile cha getini ambacho kila zamu huandika magari, wageni na funguo kisha inayopokea inasaini, na chini ya orodha ya magari nikaandika: "Habari ya ngoma. Kipande cha mwisho tunawaachia usiku. Pole, ndugu yangu." Nikamkabidhi kitabu. Mukasa akasaini mahali palipoandikwa "nimesoma na kuelewa", na basi likapiga honi.

Jumatano asubuhi nilimpokea. Akanisukumia kitabu. Nami nikasaini mahali palipoandikwa "nimesoma na kuelewa".

Waliowahi kulinda geti wameshanielewa. Kwa wengine nieleze: hakuna mlinzi asomaye kile kitabu. Kuna kurasa nne za namba za magari, basi linanguruma, umechoka au umetoka usingizini, unasaini. Ni kosa kubwa. Mwezi ule ule kuna mlinzi wa jengo jingine alikuwa amerudishwa kwao kwa kosa hilo, kwa sababu alisaini kupokea ufunguo ambao haukuwepo. Tulijua, na bado tulisaini. Mukasa hakusoma nilichomwandikia. Na mimi sikusoma kwamba asubuhi ile, kurasa nne mbele ya maneno yangu, yeye alikuwa ameniandikia hivi: "Ngoma. Binti ya Sajini anakuja kuona mashindano. Last part mpige nyinyi mchana. Usiku tunanyamaza."

Maana Nekesa ndiyo kwanza alikuwa amefika Doha kuanza kazi ya uuguzi, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuniona nikiongoza ngoma. Nilikuwa nimemwambia kila mtu. Nadhani hata wenye magari niliwaambia.

Kwa hiyo siku tatu zile za mwisho nilifundisha watu wangu kukiacha kile kipande: hesabu kumi na sita, mikono tuli, miguu inaenda. Walilalamika. Niliwaambia sababu, wakakubali. Getini hatukukitaja tena kipande hicho, kila mmoja akidhani mwenzake ameshasoma. Na Mukasa, saa tisa zake, akawafundisha watu wake vivyo hivyo. Tulikuwa hodari wa kuachia nafasi, jamani, hakuna kikosi duniani kilichokuwa hodari kutuzidi kwa hilo.

Mashindano yalifanyika kwenye uwanja wa mpira wa kikapu wa shule moja hapa hapa Abu Hamour, saa kumi alasiri, sakafu ya saruji, hali ya hewa nzuri. Vikosi saba. Wanepali wa kampuni nyingine walikuwa wametangulia na filimbi zao za mfuko na ngoma, wakapiga vizuri hata nikakosa raha. Ngoma zetu zilikuwa zimekaa kivulini saa nzima. Glovu zilikuwa zimefuliwa mara mbili. Bwana Hamdi aliketi mstari wa mbele amekunja mikono, na Nekesa alisimama nyuma yake ameshika simu juu, tayari kurekodi.

Tuliingia, tukapanga mistari miwili inayotazamana, mchana huku, usiku kule. Raundi ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Swali letu lilitoka moja, jibu lao likarudi moja, na watu wakaanza kupiga makofi. Raundi ya tatu Mukasa alipiga kitu ambacho hakikuwa kwenye wimbo, kidogo tu, nami nikajua ni cha mama yake.

Kisha tukafika kwenye kipande.

Niliinua vijiti vyangu, nikavishikilia, nikamtazama Mukasa kwa heshima, nimempisha. Mukasa alikuwa ameinua vijiti vyake, amevishikilia, ananitazama mimi kwa heshima, amenipisha. Moja. Mbili. Akatabasamu, ananingoja. Nami nikatabasamu. Tatu. Nne. Nikaona tabasamu lake linafifia.

Ningeweza kuanza kupiga. Lakini watu wangu kumi na mmoja walikuwa wakihesabu kimya, kama nilivyowafundisha, na mtu mmoja akipiga peke yake katikati ya hesabu za wengine, wimbo unavunjika. Naye Mukasa aliona hivyo hivyo. Tukatulia. Tano, sita, saba. Ngoma ishirini na nne hazikutoa sauti. Kilichosikika ni viatu. Jozi ishirini na nne za buti juu ya saruji, kushoto kulia, kushoto kulia, hakuna hata mguu mmoja uliochelewa. Makofi yalikatika. Kwenye hesabu ya kumi nilisikia hata Wanepali wameacha kuzungumza. Jaji wa katikati, mzee aliyewahi kuwa katika bendi ya jeshi huko kwao, aliweka kalamu chini.

Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Tukaingia wote. Kumbukeni kwamba tulikuwa hatujawahi kufanya mazoezi ya pamoja, kwa hiyo sauti ya ngoma zetu zote zikilia kwa pamoja haikuwa imekaa masikioni mwetu. Ilinipiga kifuani. Nililia, nasema wazi, nililia nikiwa naongoza, na sikupoteza hesabu.

Tulikuwa wa pili. Wanepali walituzidi kwa haki. Yule jaji mzee alisema kwenye kipaza sauti kwamba kwa miaka yote aliyosikiliza ngoma, kikosi hiki ndicho cha kwanza kumfanya asikilize miguu.

Ndani ya basi ilikuwa shangwe, ila shangwe ya wasiwasi, kwa maana kila mtu alikuwa anajua kuna kitu hakikuwa sawa na hakuna aliyethubutu kukisema. Mukasa alikuja akaketi karibu nami. "Banange, Mzee, kwa nini hamkupiga?" akanong'ona.

"Si niliwaachia nyinyi? Nilikuandikia."

"Mimi ndiyo nilikuandikia wewe!"

Tukatazamana. Tukaanza kucheka, kicheko kile cha kujizuia, mabega yanatikisika. Ndipo Bwana Hamdi akapanda basini. Sikuwahi kuona meno yake kabla ya siku ile. Alinishika bega mbele ya wote na kusema atawaandikia wakurugenzi, kwamba ile hila ya kunyamaza ni akili kubwa, na kwamba anajua ni akili ya nani. "Sajini, wewe ndiye uliyefanya hii. Nitaandika jina lako."

Mukasa alinibana paja. "Nyamaza, ssebo," alisema bila kufungua midomo.

Na alikuwa na haki. Ningesema ukweli, ningekuwa nakiri kwamba masajini wawili wamesaini kitabu cha matukio bila kukisoma, na tulishaona mtu akipandishwa ndege kwa hilo. Kikosi kilikuwa kimeokoka dakika ile ile. Ningenyamaza, jina langu lingekwenda kwa wakurugenzi. Lakini jina langu pekee? Kile kimya nusu yake kilikuwa zawadi aliyonipa mtu ambaye hakuweza kwenda kumzika mama yake. Singeweza kukitia mfukoni. Nilisimama, nikamweleza Bwana Hamdi yote, nani aliandika nini, na nani hakusoma nini. Hata dereva alizima injini asikie.

"Huyu alimwachia yule," alisema pole pole, "na yule alimwachia huyu?"

"Ndiyo, mudir."

"Na hakuna aliyesoma."

"Hakuna, mudir."

Akageuka na kushuka. Siku mbili tulikula chakula bila kukionja. Nekesa alinipigia simu kunipongeza, nikamwambia asubiri kidogo kabla ya kuwaambia watu wa nyumbani. Mukasa alikunja nguo zake kwenye begi, tayari. Nikamwambia azikunjue, akaniuliza kwani zangu ziko wapi. Zilikuwa kwenye begi.

Siku ya tatu tuliitwa ofisini. Kitabu cha matukio kilikuwa mezani, kimefunguliwa, karatasi ndogo imewekwa kwenye ukurasa wangu na nyingine kwenye ukurasa wa Mukasa. Bwana Hamdi alikuwa amemtafuta mtu wa kumtafsiria maneno yote mawili, hata lile neno "pole". Alitupa barua moja moja. Barua ya onyo, vijana wangu, yenye mhuri. Ilisema tumesaini makabidhiano bila kuyasoma, kwamba hilo ni kosa zito, kwamba likirudiwa tutaondolewa kazini. Chini yake palikuwa na aya ya pili: kuanzia wiki hiyo zamu zipangwe ili kikosi chote kikutane kwa mazoezi ya muda wa saa moja kila Ijumaa, na kile kipande cha hesabu kumi na sita kibaki kama kilivyopigwa, kisiguswe na mtu.

Hiyo ndiyo Ijumaa yenu. Na hizo ndizo hesabu kumi na sita mnazosimama kimya mkipiga miguu, mkidhani ni mapambo.

Miaka ishirini na miwili nimepewa barua moja tu ya onyo, na ndiyo pekee Nekesa aliyoitia fremu, iko hapa ukutani juu ya televisheni. Mukasa yuko Masaka sasa, anafuga ng'ombe, na ananiambia yake ameining'iniza mahali wageni watakapoiona kabla ya chai.

Siku ile mudir alitusukumia kalamu tusaini kwamba tumepokea. Mukasa aliinua karatasi karibu na uso, nami nikavaa miwani. Tukaisoma yote kutoka juu, midomo ikitembea, tukarudia tena kutoka mwanzo, Bwana Hamdi akitungoja bila kutuharakisha, kisha tukasaini.